Moral Machine: mizani ya bure, ila sahani moja ina uzito tayari

Moral Machine ni tovuti ya bure yenye maswali 13, yote ya sampuli moja. Gari linalojiendesha limekatika breki, mbele kuna kivuko cha waenda kwa miguu, na hakuna namna ya kuwaokoa wote. Unaoneshwa picha mbili, kushoto na kulia, kila moja na watu wake watakaokufa. Unabofya moja, linakuja swali linalofuata. Ukimaliza unapewa majumuisho: umeamuaje, na umetofautiana wapi na wengine waliopita hapo kabla yako.

Waliotengeneza ni watafiti wa MIT Media Lab, Marekani, chini ya Iyad Rahwan. Iliwekwa hewani mwaka 2016, na Oktoba 2018 matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature: maamuzi zaidi ya milioni 39 kutoka nchi na maeneo 233. Huo ni umati ambao hakuna darasa la falsafa litakaloupata. Mwalimu wa maadili anayetaka kitu cha kuwaamsha wanafunzi saa nane mchana hapati kirahisi kingine kinachofanya kazi upesi namna hii.

Hapa inapimwa kwa kazi moja tu: kumwonesha mtu tofauti kati ya kuamua kwa kuhesabu manufaa na kuamua kwa kushika wajibu. Kwa kazi hiyo inastahili nyota tatu kati ya tano. Tatu hizo imezitolea jasho. Mbili zilizokosekana ndizo zenye maelezo marefu.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu pande zenyewe. Upande wa manufaa, uliopangwa vizuri na Jeremy Bentham mwaka 1789 na kuendelezwa na John Stuart Mill, unasema tendo sahihi ni lile linaloleta heri nyingi zaidi kwa wote watakaoguswa nalo, na katika kuhesabu hakuna aliye zaidi ya mwenzake. Jicho lake liko kwenye kinachofuata baada ya tendo. Upande wa wajibu, ambao jina lake kubwa ni Immanuel Kant na maandishi yake ya mwaka 1785, unaangalia tendo lenyewe na kanuni iliyo nyuma yake. Unauliza mambo mawili. Kanuni unayoifuata, ungekubali ifuatwe na kila mtu? Na je, kuna mtu hapa uliyemgeuza kifaa tu cha kufikia haja yako? Ukikwama kwenye moja, tendo halifai hata hesabu ipendeze vipi. Wengi hukosea wakidhani mtu wa wajibu hajui kuhesabu. Anajua. Anachokataa ni kuingiza kwenye hesabu vitu ambavyo kwake havina bei.

Sasa tuifungue mashine tuone ndani. Wahusika wako 20: wanaume na wanawake wa kawaida, wazee, watoto, mjamzito, mtoto mchanga kwenye kigari, madaktari, wanamichezo, watu wanene, mabosi wa kike na wa kiume, asiye na makazi, mhalifu, mbwa na paka. Kila upande unaweza kuwa na mmoja hadi watano. Katika maswali 13, moja ni la bahati nasibu tupu. Yale 12 yaliyobaki hutoka kwenye milinganisho sita, mawilimawili: binadamu na mnyama, wengi na wachache, kijana na mzee, mwanamke na mwanamume, mwenye mwili wa mazoezi na mnene, mwenye hadhi na asiye nayo. Juu ya hayo hupachikwa mambo mengine matatu: gari linanyoosha au linakata usukani, wanaokufa ni abiria au wapita njia, na wapita njia hao wanavuka kwa taa ya kijani, kwa nyekundu, au hapana taa kabisa.

Ukiyasoma mambo hayo tisa kwa jicho la falsafa unaona mizani ilivyolala kabla hata hujabofya. Sita ya kwanza yanahusu nani na wangapi, ambayo ni lugha ya upande wa manufaa, au angalau lugha ambayo mtu wa manufaa anaweza kuitetea: kijana ana miaka mingi mbele yake, daktari ataponya wengine. Mtu wa wajibu amebakiziwa mawili tu, kukata usukani na taa ya barabarani. Hilo la abiria na wapita njia linaelea katikati, tutalirudia.

Chukua swali la namna hii. Kushoto, gari linanyoosha na kuwagonga wazee watatu wanaovuka taa ikiwa nyekundu kwao. Kulia, gari linakata usukani na kuparamia kizuizi cha zege. Ndani wanakufa abiria watatu, mwanamume, mwanamke na msichana mdogo. Kila anayekufa amewekewa fuvu. Chini ya picha kuna kitufe cha maelezo, na hicho usikiruke, kwa sababu kwenye kioo cha simu taa nyekundu ni kinukta na ni rahisi kuipita bila kuiona. Maelezo ndiyo yanayotamka wazi kwamba wavukaji wanavunja sheria.

Mtu wa manufaa anahesabu: tatu kwa tatu, sare. Anaongeza miaka iliyobaki. Msichana anaivuta sahani, na wazee wanaondoka. Mtu wa wajibu hagusi umri. Anasema gari halina haki ya kukata usukani kumtoa mtu kafara ili kumwokoa mwingine, basi linyooshe. Wa tatu anasema sheria ni msumeno, wavukaji wamejiingiza wenyewe. Wote watatu wanabofya kushoto. Tovuti imerekodi kitu kimoja mara tatu.

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza, na si ndogo. Moral Machine inashika jibu, haishiki sababu, na mvutano wa manufaa na wajibu uko kwenye sababu. Hata mstari wa kuheshimu sheria, ambao juujuu unaonekana ni wa Kant mtupu, hautenganishi kitu. Kuna watu wa manufaa wasiopima tendo mojamoja bali kanuni: wanasema magari yote yakiheshimu taa, watu watazoea kuvuka kwa uangalifu na vifo vitapungua mwaka mzima. Nao watabofya pamoja na mshika sheria, kwa hesabu tupu.

Dawa yake ni daftari. Chora safu tatu. Ya kwanza andika jibu. Ya pili andika sababu, maneno yasiyozidi 10, kabla ya kubofya. Ukiandika baada ya kubofya utajitungia sababu nzuri kuliko uliyokuwa nayo. Ya tatu andika ndiyo au hapana: jambo hilo ulilolitaja lingeondolewa, jibu lako lingebadilika? Anayejibu kwamba ameokoa kwa sababu ya taa, halafu akakiri kwamba hata bila taa angefanya vilevile, amejifumania mwenyewe. Kazi hii inaongeza muda mara tatu hivi, lakini bila daftari unacheza mchezo wa picha.

Kasoro ya pili iko kwenye majumuisho ya mwisho. Unaoneshwa mhusika uliyemwokoa zaidi na uliyemuua zaidi, kisha mistari tisa yenye alama yako na alama ya wengine: unajali idadi kiasi gani, abiria, sheria, kutoingilia, jinsia, mnyama na mtu, umri, mwili, hadhi. Watu huipiga picha na kuitumiana, mmoja akimcheka mwenzake kwamba ameua wanene wote. Hapo pana udanganyifu wa hesabu.

Kila mlinganisho una maswali mawili ya kwake. Mtu akibofya kwa kurusha sarafu, uwezekano wa yote mawili kuangukia upande mmoja ni nusu. Kwa hiyo katika milinganisho sita, mitatu kwa wastani itaonekana imeegemea upande mmoja kabisa ukihesabu maswali hayo tu, na aliyebofya hana msimamo wowote. Mshika wajibu ndiye anayeumizwa zaidi. Fanya raundi nzima kwa kanuni moja isiyovunjwa, kwamba gari lisikate usukani kamwe, na wala usitazame waliomo kwenye picha. Mstari wa kutoingilia utafika mwisho, sawasawa. Lakini mingine itakwenda inakotaka, na unaweza kutoka hapo umebandikwa chuki na wanawake au mapenzi ya paka, mambo ambayo hukuyaangalia hata mara moja.

Ukitaka alama zako ziwe na maana, fanya raundi tano na uzijumlishe mwenyewe. Maswali yanakuwa 65, na kila mlinganisho unapata 10. Uwezekano wa 10 yote kuegemea upande mmoja kwa bahati tu ni 1 kati ya 512, hapo unaweza kuanza kujishuku. Raundi moja ni ya kufungulia mazungumzo tu.

Kwa haki ya watengenezaji, hesabu hiyo inaivunja karatasi ya mtu mmoja, haiuvunji utafiti. Maswali yakichanganywa kwa bahati nasibu na kugawiwa kwa mamilioni, kelele za mmojammoja hufutana. Walichokiona ni kwamba mambo matatu yalivuta kuliko mengine yote: kuokoa binadamu kabla ya mnyama, wengi kabla ya wachache, vijana kabla ya wazee. Lililovuta kidogo kuliko yote tisa ni kuacha gari linyooshe badala ya kukata usukani.

Wapo wanaosoma hapo kwamba dunia ni ya Bentham. Taratibu. Anayebofya anamwamulia gari ambalo tayari linakwenda kuua. Hakuna mkono unaomsukuma mtu. Tofauti ya kuua na kuacha afe, ambayo kwa mtu wa wajibu ndiyo nguzo, imefifishwa na muundo wenyewe wa swali. Pia waliojibu walikuwa zaidi wanaume wenye elimu ya chuo, wa miaka ishirini na thelathini na kitu, watu wenye intaneti na muda wa kubofya. Tena walikuwa wanasoma lugha 10, na Kiswahili hakimo. Watafiti wenyewe waliona nchi zikijipanga katika makundi matatu, na kwamba kundi lao la mashariki, lenye nchi kama Japani na Saudi Arabia, halikuwa na pupa ya kuwaokoa vijana mbele ya wazee kama makundi mengine. Kwa msomaji aliyelelewa kumpisha mzee kiti kwenye daladala, hilo si la kushangaza.

Nyota iliyopotea kwa uchungu zaidi ni ya kitufe ambacho hakipo. Hakuna pa kubofya kusema "hawa ni sawa, sichagui kwa sura zao". Ukiwekewa daktari na asiye na makazi, lazima umtaje wa kufa. Mwanafalsafa John Taurek alishauliza mwaka 1977 kama idadi inapaswa kuhesabiwa hata kidogo, akapendekeza kurusha sarafu ili kila mtu awe na nafasi sawa. Kwenye Moral Machine hana pa kukaa. Na si yeye peke yake. Mwaka 2020 watafiti Yochanan Bigman na Kurt Gray walichapisha, katika jarida lilelile la Nature, matokeo ya kuwapa watu chaguo la tatu la kuwatendea wote sawa. Wengi walilikimbilia hilo, hasa kwenye jinsia, hadhi na mwili. Kumbe sehemu ya upendeleo uliosifiwa kuwa ni wa binadamu wote ilikuwa ya fomu isiyo na nafasi ya kukataa.

Anayetaka kuona upande wa wajibu ukifanya kazi nje ya darasa aiache tovuti kidogo aitazame Ujerumani. Mwaka 2005 nchi hiyo ilipitisha sheria ya usalama wa anga iliyomruhusu waziri wa ulinzi kuamuru ndege ya abiria iliyotekwa, inayotaka kutumiwa kama silaha, itunguliwe. Hesabu ya manufaa haina ugumu hapo: abiria wachache ambao watakufa vyovyote vile, dhidi ya maelfu walio chini. Tarehe 15 Februari 2006 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikakifuta kifungu hicho. Sababu yake ilikuwa kwamba dola inayowatungua abiria wasio na hatia ili kuwalinda wengine inawafanya kuwa vitu, na utu wa mtu hauguswi. Kant amefariki mwaka 1804, lakini hukumu hiyo inanuka wino wake.

Miaka kumi na moja baadaye, 2017, tume ya maadili iliyoundwa na wizara ya usafirishaji ya Ujerumani ikatoa kanuni 20 za magari yanayojiendesha. Ya tisa ndiyo ya kuibandika ukutani kando ya Moral Machine. Inasema ajali isipoepukika ni marufuku kutofautisha watu kwa umri, jinsia, hali ya mwili au ya akili, na ni marufuku kuwapima wahanga hawa dhidi ya wale. Halafu inaongeza kwamba kulipanga gari kwa ujumla ili lipunguze idadi ya watakaoumia kunaweza kukubalika. Mwaka 2021 sheria ya magari hayo ikakataza mfumo wa gari kupima uhai wa watu kwa sifa zao binafsi. Yaani mistari minne katika ile tisa, jinsia, umri, mwili na hadhi, gari la Ujerumani haliruhusiwi hata kuuliza.

Hiyo nyongeza ya kupunguza idadi isipitwe haraka, kwa kuwa ndipo pande mbili zinapokutana. Wakati gari linapangwa kiwandani, hakuna anayejua nani atakuwa kwenye kivuko. Kanuni ya kupunguza wanaoumia inamlinda kila mmoja kwa usawa, na mtu wa wajibu anaweza kuikubali ifuatwe na wote. Kivukoni, watu wakiwa na sura zao, kumchagua huyu afe ili wale wapone ni jambo jingine. Moral Machine haina wakati wa kiwandani. Inakupeleka kivukoni moja kwa moja, mara 13.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda Ujerumani kutafuta neno. Ibara ya 12 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu haki ya kuthaminiwa utu wake. Kenya wanalo hilohilo kwenye ibara ya 28 ya Katiba ya 2010. Na neno utu linabeba kilichomsumbua Kant kwa sentensi ndefu. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini tunasema mtu ni utu ameshafika nusu ya safari.

Turudi kwa abiria, maana hapo tovuti inafanya vizuri bila kujisifu. Miezi ile ile ya 2016 watafiti Bonnefon, Shariff na Rahwan walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa watu wa Marekani. Asilimia 76 walisema ni uadilifu zaidi gari kumtoa mhanga abiria mmoja kuliko kuua wapita njia 10. Walipoulizwa wangependa kupanda gari la aina gani, walielekea kwenye gari linalomlinda abiria wake. Wengine wanunue magari ya kujitoa mhanga, mimi niuzieni la kunilinda. Hilo ni swali la kwanza la Kant limeshindwa kwa kishindo, kanuni unayoitaka kwa wote isipokuwa wewe. Kwenye raundi yako yatafute maswali ya abiria na wapita njia, uyajibu mara mbili: mara ya kwanza kama mtazamaji, mara ya pili ukijua mwanao ndiye aliyekaa kiti cha nyuma. Tofauti ya majibu haikuhukumu. Inakuonesha kanuni yako ilipokuwa na tundu.

Pembeni ya maswali ya magari kuna sehemu inayoitwa Classic, na wengi huipita. Ni kosa, kwani maswali yake matatu yanafanya kazi ambayo yale 13 hayafanyi. Yanatoka kwenye fumbo la Philippa Foot la mwaka 1967 na marekebisho ya Judith Jarvis Thomson. Behewa limekatika breki na linakwenda kuwaua watu watano relini. Swali moja: ulihamishe kwa swichi liende njia ya pembeni aliko mtu mmoja? Jingine: njia ya pembeni inazunguka na kurudi kwa wale watano, na mwili wa huyo mmoja ndio utakaolisimamisha behewa, uhamishe? La tatu: uko juu ya daraja la waenda kwa miguu, kando yako mtu mnene, umsukume aanguke relini alizuie?

Hesabu haibadiliki, watano kwa mmoja mara zote tatu. Kinachobadilika ni kazi ya yule mmoja. Kwenye swichi kifo chake ni ajali iliyo pembeni ya uokoaji. Asingekuwepo, watano wangepona vizuri zaidi. Kwenye mzunguko na kwenye daraja, asipokuwepo mpango wote unakufa. Amekuwa breki. Mtu wa manufaa safi anasema ndiyo mara tatu na kulala usingizi. Mtu wa Kant anakwama palipo na kumtumia mtu. Anayekubali mzunguko lakini anakataa daraja ana kazi ya kujieleza, kwa kuwa mtu ametumiwa kote kuwili. Pengine kinachomzuia ni kugusa kwa mikono, si kanuni. Utafiti wa sehemu hiyo, wa watu 70,000 katika nchi 42, ulichapishwa 2020, na mpangilio ulikuwa mmoja kila nchi: swichi inakubalika zaidi, mzunguko unafuata, daraja mwisho. Mwenye dakika 10 tu na darasa aanzie hapa.

Ijulikane pia kwamba hata mtu wa manufaa anapunjwa. Kila swali lina uhakika wa asilimia mia: hawa watakufa, hawa watapona. Barabarani hakuna uhakika huo. Dereva au kompyuta anapima uwezekano, na hesabu ya kweli ya manufaa ni ya uwezekano kuzidishwa na madhara. Kukata usukani kwenye barabara yenye bodaboda kila upande si sawa na kukata usukani kwenye picha yenye mistari iliyonyooka. Madhara ya mbali hayamo: watu kuogopa kupanda magari hayo, familia zinazobaki. Na mbwa na paka wamewekwa kama mzaha, ilhali Bentham alitaka mateso ya mnyama yahesabiwe. Anayeitumia mashine hii kusema kwamba falsafa ya manufaa ni kuhesabu vichwa, kainyima nusu ya mwili wake.

Kwa matumizi ya kawaida haina usumbufu. Hulipi, hujiandikishi, inafunguka kwenye kivinjari cha simu. Raundi moja bila daftari ni kama dakika 5. Na daftari, 15 hadi 20. Mwishoni kuna dodoso la hiari la umri, elimu, siasa na dini, unaweza kuliacha. Darasani usiwape kila mtu simu yake. Waweke watatuwatatu, simu moja, mmoja asome maelezo na kuyatafsiri kwa sauti, wa pili abofye, wa tatu aandike sababu, wakibadilishana kila baada ya maswali manne. Bila msomaji wa sauti, wasiokijua Kiingereza vizuri wataamua kwa picha na taa itawapita. Tangaza mapema kuhusu mafuvu na ajali. Katika darasa la watu 40 hapakosi aliyezika mtu wa barabarani.

Mwenye subira atumie ukurasa wa kutunga maswali, Design. Hapo unamchagua kila mhusika, taa na kizuizi mwenyewe, na unaweza kufanya ambalo raundi ya kawaida haikubali: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anza na mwanamume mmoja mbele ya gari na mwanamume mmoja upande wa kukata usukani, bila taa. Mtu wa manufaa hapa hana la kusema, mtu wa wajibu ananyoosha. Kisha ongeza mbele: wawili, watatu, wanne, watano. Andika ni kwa watu wangapi mkono ulisogea. Anayekata usukani kwa wawili anahesabu. Asiyekata hata kwa watano ana kanuni. Anayekata kwa wanne ana kanuni yenye bei, na hao ndio wengi wa kuzungumza nao. Baada ya hapo acha idadi ileile, ila yule mmoja mhamishe kutoka kivukoni mwingize ndani ya gari kama abiria, gari likate usukani kwenye zege. Namba ikibadilika, muulize ni nini kimebadilika, maana vichwa ni vilevile na usukani umekatwa vilevile. Mwisho weka taa nyekundu kwa walio mbele, urudie kuanzia mmoja. Watano bila kompyuta wanaweza kufanya haya yote kwa karatasi na vifuniko vya soda, na karatasi haikulazimishi kubofya.